Nilipata A ya fizikia bila kuielewa. Sistangu hataki darasa lake lipite njia hiyo

Wacha nianze na aibu yangu mapema, ndio tusisumbuane huko mbele.

KCSE nilipata A ya fizikia. A safi, si ile ya kusukumwa. Mathe alichinja kuku wawili, na jirani ambaye hakuwa amewahi kunijibu salamu akaja kuniomba nimsaidie mwanawe hesabu. Nikaitwa chuo kusomea uhandisi wa umeme. Wiki ya tatu tukaingia maabara, nikapewa ameta, betri na waya, nikaambiwa nipime mkondo wa umeme. Nikachukua mguu mmoja wa ameta nikauweka chanya, mwingine nikauweka hasi, moja kwa moja. Tii! Fyuzi ikaenda. Msimamizi wa maabara akaniuliza mbele ya watu kama 30 hivi: "Kijana, wewe fizikia ulisomea wapi?"

Kwa wale hawajui kosa langu: ameta ina ukinzani mdogo sana. Inafaa ikae ndani ya njia ya umeme, mkondo upite katikati yake. Ukiiweka nilivyoiweka mimi, ni kama umeunganisha chanya na hasi kwa waya mtupu. Mkondo unapita kwa wingi hadi kitu kiungue. Na ujue hapo kichwani nilikuwa na V = IR, mbele nyuma, hata uniamshe saa nane usiku. Niliijua kama namba ya simu ya mtu nisiyemjua.

Hiyo haikuwa sababu pekee ya mimi kuacha chuo mwaka wa pili. Kulikuwa na karo, na sapu zilizorundikana. Lakini ukiniuliza ufa ulianzia wapi, nitakuonyesha ile fyuzi.

Sasa mimi huandika mtandaoni na kuhariri video za watu. Dadangu mkubwa naye ni mwalimu wa fizikia na hesabati katika shule moja ya kutwa huku Eastlands, ameajiriwa na bodi ya shule akingoja TSC imkumbuke. Desemba aliniita kwake, akanitengenezea chai, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza: "Ulipataje A na hukuwa unaelewa kitu? Niambie polepole, naandika."

Kumbe alikuwa anapanga muhula.

Hakuna darasa nyuma yao

Si ubishi wa ndugu tu. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Waliofanya huo mtihani waliingia Kidato cha 1 mwaka wa 2024, na mwaka huu wa 2026 wako Kidato cha 3. Nyuma yao hakuna Kidato cha 2 wala cha 1. Kuna Gredi ya 10, waliofungua sekondari ya juu Januari kwa mtaala mpya, wakiwa wamechagua mkondo wao: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Hawa wa Kidato cha 3 ndio kitinda mimba wa 8-4-4. Watafanya KCSE 2027 na mlango ufungwe.

Zamani mwanafunzi akiteleza alirudia darasa. Hawa watarudia wapi? Watakaa na nani?

Katika shule ya dadangu, waliochagua fizikia kwenye kidato hicho ni 17. Wiki ya kwanza ya muhula watatu kati yao walikuwa tayari wameenda kwa mwalimu mkuu kuomba kuhamia somo lingine. Sababu yao ilikuwa moja: fizikia ni ya wale vichwa.

"Hao watatu hawaogopi fizikia," sistangu aliniambia. "Wanaogopa kuonekana hawajui. Hicho kitu lazima nikipange, kama ninavyopanga mada."

Hesabu ya kwanza ni ya wiki

Nilidhani mwalimu hufungua kitabu ukurasa wa kwanza akaanza. Zii. Dadangu alianza na kalenda na kalamu nyekundu.

Muhula wake ulikuwa na wiki 13 kwenye karatasi. Akatoa wiki moja ya kufungua, ambayo nusu ya darasa iko nyumbani ikitafutiwa karo. Akatoa moja ya likizo fupi, mbili za mitihani, na moja ya riadha. Zikabaki 8. Fizikia ina vipindi 5 kwa wiki kwao, kila kimoja dakika 40, na viwili vimeunganishwa kwa ajili ya maabara. Nane mara tano ni 40. Kisha akatoa vingine 4 akaviandikia neno moja tu: akiba.

"Vya nini?"

"Vya siku ambayo hawataelewa."

Hapo ndipo nilielewa kwa nini walimu wangu walikuwa wakikimbia. Walipanga muhula kana kwamba wiki zote 13 zipo. Kufikia wiki ya tisa walikuwa wanaandika ubaoni kama watu wanaofukuzwa na askari wa kanjo, na sisi tunanakili bila kupumua.

Hatua ya pili ni mpangilio wa mada. Silabasi ya Kidato cha 3 ina mada 10, na kitabu kinaanza na mwendo katika mstari mnyoofu: grafu, mteremko wa grafu, na milinganyo ya mwendo. Ni mada nzuri lakini hutisha. Dadangu akaamua kuanza na umeme, kwa sababu kila mmoja wa wale 17 anaishi kwa nyumba yenye mita ya tokeni, na anajua landilodi hukasirika akisikia harufu ya koili.

Lakini huwezi kuruka ovyo. Sheria za Newton hazishikiki bila mwendo, kwa hivyo mwendo ulibaki mbele ya Newton. Athari ya joto ya mkondo wa umeme inahitaji uwe umeshaelewa kazi na nishati, kwa hivyo hiyo ikasukumwa nyuma, hata kama ni umeme pia. Alichora mishale kwenye karatasi ya manila: hii inabeba ile, ile inangoja hii. Mpango wenyewe ulikuwa kama ramani ya matatu: ukishukia steji isiyo yako, unatembea.

Hatua ya tatu ni mtihani. Karatasi ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja. Ya tatu, ya vitendo, ina alama 40. Alama 40 ambazo mwanafunzi anazipata akiwa na waya mkononi! Mimi nilizipata kwa kukrami majaribio ya miaka iliyopita hadi nikajua jedwali litakavyokaa kabla sijagusa chochote. Ndiyo siri niliyompa dadangu ile siku ya chai. Aliiandika, akapiga mstari chini yake.

Kwa hivyo kwenye andalio lake la kila somo, kabla ya kuandika atafundisha nini, hujibu maswali matatu. Wanaamini nini tayari? Watafanya nini kwa mikono? Nitajuaje wameelewa kabla kengele ilie?

Balbu mbili za Luthuli

Kazi yangu ilikuwa vifaa. Shule ina ameta tatu, moja imekufa. Tulienda Luthuli Avenue kununua balbu ndogo za tochi, tukapata waya wa koili kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huo waya, ukiunyoosha kwenye rula ya mita, unafanya kazi ileile ya waya wa nikromu: unapima ukinzani kwenye sentimita 20, 40, 60, na unaona ukipanda kadiri urefu unavyoongezeka. Betri tulinunua mpya, maana betri iliyochoka hufanya mwalimu aonekane mwongo.

Jioni tukajaribu kila kitu kwenye meza ya kulia. Betri mbili, balbu mbili kwa mfululizo, moja ikifuata nyingine. Kwa kawaida balbu zinazofanana zinafaa kuwaka sawa. Zetu, moja iliwaka vizuri na nyingine ikawa kama inasinzia.

Nikasema, "Hii ni mbovu, kesho nitarudi Luthuli."

Dadangu akanishika mkono. "Usiguse. Badilisha nafasi zao."

Nikabadilisha. Ile iliyokuwa inang'aa ikaendelea kung'aa, sasa ikiwa ya pili. Hazikuwa mbovu. Zilikuwa za aina mbili zilizochanganywa kwenye pakiti moja, zenye ukinzani tofauti. Mkondo unaopita ni uleule, lakini yenye ukinzani mkubwa zaidi inachukua nishati zaidi. Sistangu alicheka hadi akaketi. Kisha akachukua andalio lake, akafuta mistari miwili, akaandika upya.

Jumanne, kipindi cha tatu na cha nne

Niliketi nyuma kama msaidizi wa vifaa, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Dadangu hakuandika chochote ubaoni. Alichora tu betri na balbu mbili mfululizo, akauliza: "Nikiwasha, ipi itawaka zaidi? Ya kwanza, ya pili, au sawa? Kila mtu aandike jibu lake, kisha ainue mkono."

Kumi na wawili wakasema ya kwanza. Mmoja akasema ya pili. Wanne wakasema sawa.

"Jeteteeni."

Ubishi ukaanza, kwa Kiswahili na Sheng, kwa kelele. Jamaa mmoja wa mbele akasema ni kama foleni ya maji: wa kwanza anajaza mtungi, wa mwisho anapata matone. Wengi wakaitikia. Msichana mmoja, mmoja wa wale watatu waliotaka kuhama, akasema polepole: "Lakini tukiwasha stima kwetu, balbu ya karibu na mita haiwaki kuliko ya chumbani." Mwingine akamkatiza kwamba hiyo ya nyumbani imeungwa tofauti. Yuko sahihi! Nyumbani tunaunga sambamba, si mfululizo. Dadangu hakumwambia kila kitu. Alisema tu: "Hiyo ishike, tutairudia Alhamisi."

Kisha akawasha, kwanza na zile balbu zinazofanana. Zikawaka sawa.

Kimya.

Akaweka ameta kabla ya balbu ya kwanza: 0.2. Katikati ya balbu: 0.2. Baada ya balbu ya pili: 0.2. Akawaachia wenyewe warudie kwa makundi mawili, kila kundi na ameta yake, kwa sababu mtu huamini mkono wake kuliko mdomo wa mwalimu.

Halafu akaleta zile balbu za Luthuli, akiwa ameipanga ile inayong'aa iwe ya kwanza. Jamaa wa mtungi akaruka: "Si nilisema! Ya kwanza!" Darasa likacheka, yeye akasimama akainama kama msanii jukwaani. Dadangu akamwita mbele abadilishe balbu nafasi kwa mkono wake mwenyewe. Akabadilisha. Inayong'aa ikabaki ileile, sasa ya pili. Yule jamaa aliitazama kwa muda. Akasema, kwa sauti ya chini: "Basi si nafasi. Ni balbu yenyewe."

Hapo ndipo mwalimu alipofungua mdomo. Akawaambia wafikirie mnyororo wa baiskeli. Ukikanyaga pedali, mnyororo wote unazunguka kwa pamoja. Gurudumu halili mnyororo. Linachopokea ni nishati. Mkondo ni ule mnyororo, hauishi kwenye balbu ya kwanza.

Niseme ukweli wangu: ningepiga kura na wale kumi na wawili. Mimi, mwenye A. Hakuna mtihani uliowahi kuniuliza swali hilo kwa namna ambayo fomula haingeniokoa.

Lugha nayo ina mkono wake

Fizikia kwetu hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Dadangu huwaacha wabishane kwa lugha inayowatoka, kisha dakika 10 za mwisho kila mtu anaandika kwa Kiingereza cha mtihani alichogundua. Anasema ukimlazimisha mtoto afikiri na atafsiri kwa wakati mmoja, ataacha kufikiri abaki kutafsiri.

Kuna maneno ya mtaani ambayo hutega mtego. Sisi tukisema "nguvu" tunamaanisha kani, nishati na uwezo wote kwa pamoja. Kwenye fizikia hivyo ni vitu vitatu, na kila kimoja kina kipimo chake: nyutoni, jouli, wati. Muuza viazi akikupimia "uzito wa kilo mbili", kwenye fizikia hiyo kilo mbili ni tungamo. Uzito wenyewe ni kama nyutoni 20. Dadangu ana daftari dogo la maneno haya. Analiandika kabla ya mada, maana anajua mtu atajikwaa wapi.

Swali ambalo hukulipangia

Kati ya vitu vilivyobandikwa ukutani mwa darasa lake hakuna picha ya Einstein. Kuna jina la Erasto Mpemba.

Kama humjui, alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha 3 katika shule ya Magamba, Tanzania, mwaka wa 1963. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Kwa haraka ya kuwahi nafasi kwenye jokofu, akaweka maziwa yake yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza kwa nini, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye darasani alichekwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amewatembelea. Huyu hakucheka, alirudi akalifanyia majaribio. Mwaka wa 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini, ila jina lake liko vitabuni hadi leo.

"Vile vipindi vinne vya akiba," sistangu aliniambia, "ni vya Mpemba wangu akitokea."

Kisingizio cha vifaa

Najua kuna mwalimu wa mafunzo au wa bodi anasoma hii akisema: sisi hatuna hata hiyo ameta moja. Ni kweli, na usikubali mtu akuambie umaskini ni mtazamo. Lakini wazo la kufundisha sayansi kwa vifaa vya kujitengenezea si geni hapa. Mradi wa SMASSE ulianza 1998 kwa ushirikiano wa Wizara ya Elimu na shirika la Japani la JICA, na ukawafunza walimu wa hesabati na sayansi kuweka shughuli na majaribio katikati ya somo, na kubuni vifaa pale ambapo havipo. Mzunguko wao ni mfupi: panga, tenda, tazama, boresha. Kituo cha CEMASTEA, Karen, ndicho kimeendeleza mafunzo hayo.

Na Peter Tabichi, aliyeshinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani 2019 na dola milioni moja, alikuwa akifundisha fizikia na hesabati huko Keriko, Nakuru, shule ya kutwa iliyokuwa na kompyuta moja.

Wenye simu, PhET ni bure. Ni majaribio ya kuigiza kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel. Unaunganisha betri na balbu kwenye kioo na hakuna fyuzi inayoungua. Ningekuwa nayo mimi...

Haikuwa sinema

Usidhani mambo yalinyooka. Wiki ya tano dadangu alikuwa nyuma ya mwalimu wa darasa jirani kwa vipindi viwili, akaitwa ofisini aeleze. Alibeba ile kalenda yenye kalamu nyekundu, akaonyesha akiba yake. Aliambiwa aendelee, ila "matokeo yataongea". Mshahara wa Februari ulikuja Machi. Kuna usiku nilimkuta amelala juu ya madaftari taa ikiwa imewaka.

Kwenye jaribio la kwanza aliweka swali la balbu mbili, bila namba yoyote, eleza tu. Kati ya 17, waliolipata ni 14. Mwanafunzi mmoja kati ya wale watatu alihama hata hivyo, akaenda historia, na dadangu akamwandikia barua nzuri ya kumkabidhi. Wawili walibaki. Yule msichana wa balbu ya karibu na mita sasa ndiye anayebeba ufunguo wa kabati la vifaa.

Jumamosi iliyopita nilipita kwa sistangu kurudisha chombo cha githeri. Juu ya meza kulikuwa na betri, balbu, waya, na ile ameta iliyokufa, ambayo alitaka niangalie kama inaweza kupona. Ilikuwa fyuzi tu. Nikabadilisha.

"Sasa pima," akasema, akirudi jikoni kana kwamba si jambo.

Nilikata njia ya umeme katikati, nikaiweka ameta ndani ya ile nafasi, mkondo upite katikati yake. Mshale ukapanda taratibu, ukasimama kwenye 0.2. Hakuna kilichoungua.

Kuna fomu ya chuo cha ufundi, kozi ya umeme, iko kwenye simu yangu tangu wiki hiyo. Bado sijaijaza. Lakini pia sijaifuta.